Kanga ya Jikoni na Paka Wetu Chausiku

Enzi zetu Chumbageni, miaka ile ya hamsini, Idi ilianza puani. Chetezo kilizunguka nyumba nzima: kanzu zafukizwa udi, mapazia yafukizwa, nasi watoto twasimamishwa juu ya moshi mpaka machozi yatutoke. Vijana wa leo wanajipulizia kichupa mara mbili, basi, wamemaliza sikukuu.

Tulikuwa na paka, Chausiku, mweusi tii. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka minane, naye alikuwa na watoto watatu, macho ndiyo kwanza yamefumbuka. Kila alasiri ya Idi wavulana wa mtaani walikuwa wakipiga fataki, na Chausiku akizisikia tu hutoroka, pengine asionekane siku mbili. Kwa hiyo Bibi, mzaa mama, alimwekea tenga uvunguni mwa kitanda, akatandika humo kanga yake ya jikoni, haijafuliwa, inanuka moshi, dagaa na jasho. Alisema mnyama mwenye hofu hutafuta harufu ya mtu wake.

Mimi nikaona aibu. Watu wote tumependeza, mzazi wa watu amelazwa kwenye kanga ya dagaa! Asubuhi ya Idi, Bibi akiwa anashughulika na pilau, nikaichukua kanga ile nikaifua kwa sabuni, nikaianika. Jua la Tanga halichelewi. Ilipokauka nikaifukiza udi hadi ikakolea, nikaitandika tena, na roho yangu kwatu.

Fataki ya kwanza ikalia uchochoroni. Chausiku akakimbilia tengani, akanusa, akatoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akajichimbia chini ya rundo la mbao uani kwa jirani. Nikampelekea samaki, nikamwita kwa kila jina. Nikinyoosha mkono anazidi kurudi nyuma, maana hata mimi nilinuka udi toka utosini. Ndani watoto wake walikuwa wakilia kwa njaa, na sauti zao zinapungua.

Nikaenda kwa Bibi nikamweleza yote, kamasi zinanitoka. Nilitegemea kofi. Akanitazama, kisha akaanza kuifungua kanga aliyokuwa amejifunga tangu alfajiri.

"Vua gauni hilo, ukoge, ujifunge hii," akasema. "Ukakae karibu naye. Usimwite, mama. Kaa tu."

Nikaketi chini kando ya zile mbao. Wenzangu wakapita wakielekea kwenye bembea, marinda yanapepea, wakinicheka na kanga yangu ya vitunguu. Fataki zikaendelea. Miguu ikafa ganzi. Jua lilikuwa limeshapoa nilipohisi sharubu kifundoni, halafu Chausiku mzima akaingia mapajani mwangu, anatetemeka, moyo unamdunda. Nikamfunika, nikambeba taratibu hadi tengani. Watoto walipoanza kunyonya nililia upya, kwa raha.

Siku hizi fataki ni kubwa kuliko zile, na mbwa akitetemeka wajukuu zangu wanampiga video. Nguo nazo, ukivua tu, zimeshaingia mashine. Nawasema, wanacheka.

Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima, nimeolewa Pongwe. Nilipofika msibani, mama zangu wadogo, kwa mapenzi yao, walikuwa wameshafua kanga zake zote, wamezifukiza udi na kuzikunja vizuri sandukuni ili zigawiwe. Nilizifungua moja moja, nikazinusa zote. Sikumpata.