Mkono wa Hyasinta, Kikombe cha Mkwe

Jua la Kabasa halijapanda sawasawa, na Hyasinta Wanzagi ameshaketi mkekani, miguu ameinyoosha, kibuyu cha maziwa mapajani. Anakisukasuka mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mkono wa kushoto unavuta. Wa kulia unafuata, polepole, lakini jamani, unafuata!

Mwaka juzi mkono huo ulikuwa umekufa.

Alikuwa akitengeneza samli hapa hapa Kabasa, pembeni mwa mji wa Bunda, kiharusi kilipomwangusha. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu: Gasper, mume wa binti yake Rebeka, aliyeleta dawa ya ng'ombe. Kwa mila yao, mkwe hamgusi mama mkwe. Gasper akabaki mlangoni akipiga yowe, hadi majirani wakaja mbio kutoka kwenye mashamba ya pamba.

"Nilimwona anatetemeka pale," anasema Hyasinta. "Nikataka kumwambia, njoo tu, baba. Mdomo ukakataa."

Alirudi kutoka hospitali hasemi, hatembei. Ndugu wakaanza kunong'onezana habari za turubai la msiba.

Kumbe walimzika mapema! Huyu ni mama wa watoto wanane. Wote aliwanyonyesha mpaka wakakimbia, na juu yao yatima wa jirani.

"Nilikuwaga na mmoja kifuani, mwingine mgongoni, na kibuyu kinasukwa," anacheka.

Miezi michache baadaye Rebeka akajifungua, akamlaza kichanga mapajani mwa mama yake. Mtoto akalia. Mkono ambao mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameubembeleza kwa wiki kadhaa ukainuka, ukampigapiga mtoto mgongoni. Neno la kwanza likatoka: "Nyonya."

"Nililia mpaka nikasahau kumnyonyesha," anasema Rebeka.

Daktari Stanslaus, aliyemtibu, anatikisa kichwa mpaka leo. Anasema watafiti wanachunguza kama uzazi na kunyonyesha huuachia ubongo wa mama nguvu ya kuhimili kiharusi.

"Bado ni swali, siyo jibu," anaonya. "Kwa huyu mama siwezi kuapa, maana mazoezi hakuyaacha. Ila mtu akianguka awahishwe hospitali, mila ingoje."

Hyasinta naye anashangaa lake. "Nilidhani nawalisha wao. Kumbe na mimi nilikuwaga naweka akiba?"

Kimoja bado kinamchoma. Tangu siku ile Gasper hajakanyaga ua huu. Akipita na ng'ombe, huzungukia nyuma kwa aibu. Hyasinta hana kinyongo. Anataka kumkabidhi kikombe cha maziwa mwenyewe, yaishe. Lakini kwa mkono wa kushoto?

"Hilo ni tusi. Nitampa kwa huu."

Kwa hiyo kila asubuhi, kibuyu kikishatua, anajaribu kwa kikombe cha maji. Leo anakiinua. Kinatetemeka, kinafika usawa wa kifua, maji kidogo yanamwagikia kanga. Rebeka, mtoto kiunoni, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mwambie mumeo aje Jumapili," anasema Hyasinta, bado amekishika. "Asiniguse, sawa. Kikombe atapokea."