Ile Ekrani Niliyoizima Mwenyewe

Mucheke tu jamani, maana sasa hata mimi naweza kucheka, lakini ile siku kule Ruti, mtaa wa Mbarara, nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie humo na viatu vyangu.

Munajua mimi sioni tangu utoto, na munajua pia kiburi changu. Katika kikundi chetu cha vipofu hapa kambini Nakivale, Uganda, mimi ndiye najua kuandika kwenye ordinateri, yaani kompyuta, kushinda wote, na ile ordinateri haikuwa yetu, ofisi moja ya Mbarara ilituazima, na siku hiyo walituita tuwaonyeshe kama kweli tunaitumia. Wakiridhika, inabaki kwetu. Wasiporidhika, inarudi kwenye katoni yake na sisi tunarudi kuombaomba watu watusomee barua zetu. Kikundi chote kilinitegemea mimi, na mimi (muone sasa) nilikuwa najitegemea kupita kiasi.

Ile programu inayotusomea maandishi iko na mipangilio mingi: unachagua sauti, unachagua mwendo wa kusoma, unachagua mpaka ekrani, kile kioo cha maandishi, iwake ao iwe nyeusi huku sauti inaendelea masikioni mwako. Sauti yangu ni ya Kifaransa, kwa sababu ndicho nilisomea kule Uvira, Kongo, na mwendo nilikuwa nimeupandisha mpaka mwisho, ili watu wajue mimi si wa mchezo. Basi tuko ndani ya taxi, naandika hotuba yangu juu ya magoti, tunafika Kabingo, abiria wa pembeni anaanza kuisoma kwa sauti na kunisahihisha! Hasira ikanipanda. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua ekrani nyeusi, akanyamaza. Nikafurahi sana, halafu nikasahau.

Neema, mdogo wa mke wangu, ndiye alikuwa ananishika mkono njiani. Nikamuonya mapema: "Huko ndani usinisaidie hata kidogo. Bakiona unanisaidia, batasema siwezi."

"Sawa, shemeji."

Huko Ruti wakatupa meza na viti, watu wakanizunguka, madamu mkubwa wa ofisi akasema, "Karibu mzee, tuonyeshe." Nikavaa earfoni, nikaanza. Vidole vilikuwa vinakimbia! Chumba kikanyamaza kabisa, nikasema moyoni, nimewaweza. Mama mmoja akasema polepole, "Bambi..." (hilo ni neno la huruma la Waganda, nikajua hotuba imemgusa). Neema akanivuta shati. Nikamwambia kwa meno, "Nilisema nini?" Akaacha. Akanivuta tena, nikamsukuma mkono, nikamaliza mpaka nukta ya mwisho, nikaigeuza ordinateri upande wao kama mutu anayefungua zawadi, nikasema kwa sauti kubwa, "Someni wenyewe!"

Fundi wao akakohoa. "Mzee, hii kompyuta ilikufa. Wewe uko nafinya vitufe tu."

"Pole sana, ssebo," madamu akasema (ssebo ni bwana), na upole wake uliniumiza kuliko matusi. "Mungetuambia kama iliharibika. Wacha tuirudishe." Na nikasikia katoni inafunguliwa, masikio yangu haya.

"Haijakufa!" Nikachomoa earfoni ili wasikie, na ile sauti ikatoka kwa mwendo wake wote, Kifaransa juu ya Kifaransa, kama maharagwe yanamwagwa juu ya bati. Mutu wa mlangoni akapiga kelele, "Banange!" na wengine wakaangua kicheko. Vidole vikapotea, sikujua tena kitufe kipi ni kipi.

"Neema!"

"Si ulisema nisikusaidie?" (Huyu mtoto!)

"Nisaidie, nakuomba."

Akaweka mkono begani. "Ekrani ni nyeusi, shemeji. Punguza mwendo kwanza, halafu utafute polepole. Mimi nitabaelezea."

Nikapunguza. Nikarudi kwenye mipangilio, kimoja kimoja, sauti inataja, Neema anawatafsiria: aina ya sauti, mwendo wa sauti, herufi kubwa... "Ekrani nyeusi: imechaguliwa."

"Nani aliichagua?" madamu akauliza.

"Ni mimi."

Nikaiondoa, na nikajua imewaka kwa sababu wote walisema "Aaaah!" pamoja. Madamu akainama, akasoma sentensi yangu ya kwanza: "Sisi vipofu wa Nakivale tunaandika wenyewe, bila kusaidiwa na mutu hata mmoja."

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Nikangoja hukumu.

"Mzee," madamu akasema akipangusa macho, "hiyo ya kuandika, pengine ulikariri tu, ningejuaje? Lakini vile umetafuta kosa na umelitengeneza, nimesikia kila kitu. Muende nayo."

Weee! Nikashukuru Mungu kwa sauti, nikamshika mkono fundi nikidhani ni madamu, na sikuona haya hata kidogo, maana haya yangu yote ilikuwa imekwisha.

Njia nzima Neema aliipakata ordinateri na alikataa kunipa. Ekrani nyeusi bado naitumia, maana wachunguliaji hawajapungua, lakini nimeapa: kabla ya kuonyesha mutu kitu nauliza kwanza, "Inawaka?" Na Neema akinivuta shati, nanyamaza papo hapo. Jumapili alinivuta kanisani, katikati ya maombi yangu marefu. Nilikuwa nimewageuzia watu wote mgongo, naombea ukuta.