Mlango wa Uani

Kila nikipita mahali wanapopiga pasi na kunusa kanji ikipata moto kwenye kitambaa, mkono wangu hutafuta mkono wa mama.

Shule zilikwishafanywa bure kwa kila mtoto, basi mama akanitoa kwetu Ng'ambo, mtaa wa maskini, kwa miguu hadi ile shule kubwa ya Mjini. Akazunguka moja kwa moja mpaka mlango wa uani, maana ndio aliouzoea kwenye majumba alimokuwa akifua nguo. Akavua ndara zake, akapiga hodi.

Akatoka mwalimu, mwanamke mrefu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Bi, wanafunzi huingia mlango wa mbele."

"Hapa panatutosha, mwalimu. Nimemleta kusoma tu."

Mwalimu akacheka, akanishika mkono, akanizungusha mpaka mbele. Ya Rabi, dari ile! Madirisha yalikuwa marefu kuliko nyumba yetu. Nikawa napumua taratibu, nisije nikachafua kitu.

Nikawekwa dawati moja na mtoto wa nyumba mojawapo ambamo mama alikuwa akifua nguo. Sare yake ilinukia kanji, na yangu vilevile. Zote mbili mama alizipiga pasi jana yake, yangu ya mwisho, makaa ya pasi yakianza kupoa.

Yule mtoto akasogea. "Kaa," akaniambia, "nafasi ipo."

Nikageukia dirishani nimwonyeshe mama nilipokaa. Alikuwa bado amesimama palepale uani, peku, ndara mkononi, akingoja naye aambiwe karibu.