Kijiko Kimoja kwa Lori Moja

Binti yangu alipokuwa na mwaka na nusu alifunga mdomo, na mimi nikageuka kuwa mwigizaji. Niliimba, nilicheza, nilibweka kama mbwa wa jirani, yote hayo kwa ajili ya kijiko kimoja cha viazi vya kuponda na parachichi. Alinitazama hadi mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akageuza uso. Kliniki alining'inizwa kwenye mizani, miguu inachezacheza hewani, na nesi akaniambia tena kwamba uzito haujapanda. Nilitoka pale nimeichukia dunia nzima, hasa wale kina mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao wakitafuna mahindi ya kuchoma bila hata kubembelezwa.

Tulikuwa tumepanga Makambako, chumba na sebule, jirani na pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu. Kwanza tulijaribu simu. Katuni zilimlisha vizuri, lakini bando likiisha na mdomo unafungwa. Siku moja nikiwa nimemkalisha barazani, bakuli mkononi, lori la mbao likapita likinguruma. Akaduwaa, mdomo wazi. Nikatumbukiza kijiko, naye akameza kabla hajakumbuka kwamba hataki.

Basi, tukawa tunakula kwa malori. La mbao kutoka Njombe, kijiko. La makaa ya mawe, kijiko. Likipita semitrela la kwenda Tunduma, lile refu lisiloisha, nilibahatisha viwili. Mzee mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara, mtu wa Tanga, aliyaona malori kabla yangu. Alinyanyua kofia yake ya kiua na kuniita, "Mama, linakuja kubwa hilo, jiandae." Siku malori yakiwa machache niliyaombea kama wakulima wanavyoombea mvua.

Desemba tukaenda kwa mama mkwe, kijijini huko juu ya Njombe, katikati ya mashamba ya viazi na misitu ya mbao. Huko haipiti hata bajaji. Jioni ya kwanza mwanangu alikaa jikoni karibu na moto, akatazama mlangoni, akasubiri. Hakuna kilichopita. Akafunga mdomo. Nilikuwa nimechoka na safari na sikuwa na akili nyingine, nikaanza kunguruma mwenyewe, na kubadilisha gia.

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. "Kamwene, lori," akanisalimu kwa Kibena chake, bila kucheka.

Nikamweleza mambo ya mizani na nesi, na machozi yakanitoka hapohapo mbele ya mkwe, jambo ambalo sikulipanga.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema. "Lete hicho kibakuli."

Akakiweka sakafuni mbele ya mtoto. Kisha akampa mgongo, akaita kuelekea pembeni, kule kuku wake walikokuwa wanalala: "Kuru-kuru-kuru. Njoo, mtoto hataki, hiki ni chako."

Kuku mmoja mwekundu akaja, shingo mbele. Mwanangu akamtazama kuku, akatazama bakuli, akatazama mgongo wa bibi yake. Halafu akatumbukiza mkono mzima na kuanza kula, mkono mwingine ameuzungushia bakuli kama uzio. Nilitaka kushangilia. Mama mkwe akanibana paja.

"Usimwangalie. Akiona unataka sana, atakunyima."

Tulikaa mpaka viazi vikapaliliwa, na tuliporudi kliniki mizani ilipanda. Nesi aliniuliza nampa nini, nikamwambia kuku, naye akanisifu. Sikumsahihisha. Mpaka leo nalikumbuka lile jiko kuliko nyumba yoyote niliyoishi: moshi unaouma macho, baridi inayopenya chini ya mlango, sisi wanawake watatu na kuku mmoja mwenye tamaa. Nalitamani sana.

Mwaka jana mama mkwe alitoka hospitali, tukamleta kwetu Makambako. Alirudi mwepesi, kanga inamzunguka mara mbili. Dawa zake zilitaka chakula, na chakula hakukitaka. "Nimeshiba," alisema, hajagusa kitu. Mume wangu alimsihi mpaka akatoka nje kwenda kusimama peke yake. Mimi nilibembeleza uji, nikabembeleza mtori, nikabembeleza chai. Aligeukia ukutani. Niliogopa kwamba anatuaga kwa njia yake, polepole, bila kusumbua mtu.

Binti yangu, sasa mwanafunzi wa shule ya msingi, miguu mirefu, akachukua bakuli mkononi mwangu. Akamwongoza bibi yake mpaka kwenye baraza ileile, akamkalisha na kumfunika blanketi.

"Bibi, la mbao hilo linakuja."

"Lipishe lipite," akasema bibi.

Likapita. Yakapita na mengine. Binti yangu akaweka bakuli kwenye kigoda, karibu na goti la bibi, akampa mgongo. Akaita kuelekea uani, pembeni mwa nyumba, kama nilivyomsimulia mara nyingi: "Kuru-kuru-kuru. Njoo, bibi hataki, hiki ni chako."

Sisi hatufugi kuku. Uani kwetu kuna bomba la maji na kamba ya nguo. Mama mkwe aliutazama ua ule mtupu.

"Kuku gani huyo, mjukuu wangu?"

"Yupo, bibi. Anakuja mbio." Hakugeuka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikakumbuka kwamba sitakiwi kuangalia, nikageukia barabarani. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Kikagonga tena. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, mdomo umejaa:

"Mwambie huyo kuku amechelewa."