Dawa ya Kupe Kichwani kwa Mtoto

Leo nimekataa kuuza, na bado nimeshindwa.

Bibi mmoja kaingia dukani kwangu hapa Majengo, kambeba mjukuu mgongoni. Anataka dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, kidogo tu.

"Una ng'ombe wangapi, bibi?"

"Sina ng'ombe. Huyu mtoto ana chawa."

Jamani! Dawa ya mnyama wa kilo mia tatu! Mtoto mwenyewe hafiki kilo kumi na mbili, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka.

"Bibi, hii inapenya kwenye ngozi, inafika hadi ubongoni. Mnyoe tu."

"Nimnyoe, na Jumapili anabatizwa? Nyie wa siku hizi waoga. Sisi tulipakwa, tukakua."

"Nywele zitaota, bibi. Ubongo ukiharibika hauoti."

Akasonya, akavuka barabara. Muuzaji mwenzangu wa ng'ambo akammiminia kwenye chupa ya soda. Nikamfuata huyo muuzaji, nikamuuliza: wewe ungempaka mwanao?

Akacheka. "Mimi nauza, kaka. Sipaki."

Kugeuka, bibi kashapanda bodaboda.

Kavaa kitenge cha njano, wameelekea Sitalike. Ukiwaona, wazuie. Kinyozi nalipa mimi.