Mama Amenishinda

Wayua wa Mbumbuni huuza ndengu sokoni, na hajawahi kukubali kushindwa na mtu, awe mteja, awe askari wa kaunti. Aliyemshinda ni Kathini, mke wa mwanawe, tena kwa kunyamaza tu.

Lakini kosa la kwanza lilikuwa la Wayua. Mimba ya Kathini ilipofika mwezi wa saba, alimpunguzia chakula, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Ndivyo alivyofundishwa na mamake, na Wayua mwenyewe alizaa watano. Siku moja Ndinda, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita akaiona sahani. Alimfokea mama mzima bila haya: mja mzito huongezewa chakula, hapunguziwi! Wayua akachanganyikiwa. Basi mamake alikuwa mjinga? Hata hivyo alitii.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mdogo lakini mzima. Siku ya tatu akapewa jina la nyanya yake, Wayua, kama ilivyo desturi. Kathini alikuwa na adabu zake. Hangeweza kulitaja jina la mama mkwe kila nepi ikilowa. Akawa anamwita mtoto Mama.

Sasa Wayua akapika kulipia kosa. Supu ya kuku asubuhi, uji wa wimbi saa nne, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mboga za kunde jioni. Sahani zilirudi zimeguswa pembeni tu. Kathini alikaa kitandani akitazama ukuta, nywele hazijachanwa. Ni kiburi? Ni ugonjwa? Jirani mmoja alisema ni uvivu wa wasichana wa siku hizi, na Wayua karibu akubali, ila alikuwa amemwona Kathini akilima.

Wiki ya tatu, akipita dirishani na sufuria ya uji, alimsikia akiongea kwa simu na mumewe, Munyao, aliyekuwa kazini Kitui.

"Mama amenishinda, Munyao. Nikimwangalia sisikii kitu. Saa zingine naona tu heri angeenda."

Kumbe! Na supu yote ile! Asante ya punda ni mateke. Tusidanganyane, ilimuuma mpaka akalia kando ya banda la kuku. Kesho yake hakupika. Alijichemshia chai yake, akaketi nje akingoja aombwe msamaha, au angalau aombwe chakula.

Hakuna aliyemwita. Siku nzima Kathini hakuomba hata maji. Alasiri mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena kwa sauti nyembamba. Mtu akikuchukia, si angekula kwanza, akutukane akiwa ameshiba? Wayua hakuelewa kabisa. Akaingia.

"Kathini, kama unataka niende, niambie na mdomo wako. Niko na dada Matinyani, atanipokea."

"Uende kwa nini, mama?"

"Nilikusikia kwa simu. Ati Mama amekushinda. Ati heri aende."

Kathini aliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Si wewe nilikuwa nasema."

Wayua akageuka kutafuta ni mama gani mwingine aliyekuwa chumbani humo. Alikuwa kitandani, wa kilo tatu, ngumi mdomoni.

"Namnyonyesha, lakini naona ni kama mtoto wa wenyewe," Kathini akasema. "Naogopa kubaki na yeye. Naogopa nitamfanya kitu. Mama, mimi niko na shida gani?"

Miaka sitini, watoto watano, na Wayua hakuwa amewahi kusikia swali kama hilo. Akambeba mtoto, akainama kumtafutia Kathini viatu chini ya kitanda.

"Sijui, mwanangu. Hii siijui. Vaa, twende kwa Ndinda atupeleke hospitali."

Walipofika mlangoni akasimama, akamshika mkono.

"Heri ungekuwa unanichukia mimi," akasema. "Hiyo ningeiweza."