Nilisifia Wimbo Bila Kuusoma, Ukanizimisha Mbele ya Mji Mzima

Nilizimia mchana kweupe, mbele ya mji mzima, nimekumbatia tuba. Na kosa lilikuwa langu.

Kwa wasioijua, tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, unalipakata kama mtoto mnene. Nimelipuliza miaka thelathini na moja kwenye bendi ya mji wetu hapa Iowa, Marekani. Naitwa Verlyn. Siku hizi ukilitaja hilo jina hapa, watu wanacheka kwanza ndipo wanakujibu.

Ilianza mwezi wa tatu. Twyla Dykstra, dereva wa basi la shule, alikuja kwangu na karatasi nne na pai ya matufaha. Kumbe miaka sita alikuwa anatunga muziki kwa kompyuta, kimyakimya, jikoni kwake. Gaylen, kiongozi wetu wa bendi, alikuwa amekubali wimbo wake mmoja upigwe kwenye sherehe ya mji mwezi wa saba.

"Verlyn, hii ndiyo nafasi yangu moja," akaniambia. "Ikiharibika, nafuta kila kitu, nabaki na basi langu. Nipe ukweli, usinionee haya."

Nikamwahidi. Karatasi nikaziweka pembeni, pai nikaiweka mbele.

Aliporudi baada ya wiki nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Tena nusu yake, maana nusu ya chini ilikuwa imelowa siagi.

Sasa huku kwetu humwambii mtu usoni kwamba kitu chake ni kibaya. Akikulisha chakula kisicho na chumvi, unasema "hiki sijawahi kula popote," halafu unaomba uongezwe. Basi nikamwambia wimbo ni mtamu, asiguse kitu.

"Patamu hasa ni wapi?"

Hapo nikababaika. Nikafunua karatasi, nikashusha uma niliokuwa nalia mabaki ya pai popote pale ukurasa wa tatu. "Hapa. Hapa pamenimaliza kabisa."

Akaangalia uma ulipotua, akaniangalia mimi. Akakusanya karatasi zake, akaenda.

Mazoezi yakaanza, nami nikakiona cha moto. Pale nilipopasifia palikuwa sehemu yangu mimi, noti zimefuatana mistari miwili mizima, hakuna pa kuvuta pumzi. Kompyuta haina mapafu, ingejuaje? Mimi ninayo, na yana miaka sitini na tatu.

Kusema ingenichukua sekunde tano. Nikauchuna. Nikawa naruka noti, naiba pumzi, ngoma zinanificha.

Wiki iliyofuata Twyla akaleta karatasi mpya. Akaitangazia bendi kwamba kwa kuwa Verlyn amepapenda pale, yeye amezinyamazisha ngoma hapo. Mistari ilikuwa imefika mitatu. Gaylen akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko poa.

Wiki ya tatu bendi nzima imewekwa kimya, tuba peke yake, mistari minne. Nikasingizia mdomo unaniuma, nikawa napuliza kidogo kidogo. Jirani yangu wa trombone akaninong'oneza, "Bwana, utakufa wewe." Nikamwambia ashughulike na trombone yake.

Siku ikafika. Jua la mwezi wa saba, sisi tumevaa sare za sufu, watu wamejaa kwenye nyasi na viti vyao vya kukunja. Wimbo ukaanza, na jamani, ulikuwa mzuri. Mzuri kweli. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimeusifia bila kujua.

Zamu yangu ikafika. Mstari wa kwanza nikaenda. Wa pili nikaenda. Wa tatu nikaanza kuona nyota. Wa nne sikuuona.

Nilipozinduka nilikuwa chini ya jukwaa, barafu kichwani, tuba limebonyea. Muziki ulikatikia palepale. Twyla alikuwa amepiga magoti kando yangu, macho mekundu.

"Twyla, sikuusoma," nikasema. Huo ulikuwa ukweli wangu wa kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Najua."

Akatoa zile karatasi za mwanzo kwenye mkoba. Ukurasa wa tatu, kando ya sehemu yangu, alikuwa ameandika kwa penseli: Verlyn, hapa unaweza kupumua? Na juu ya swali lenyewe, alama ya siagi ya uma wangu.

"Nilisubiri useme," akaniambia. "Hukusema, nikaongeza mstari. Hukusema, nikaongeza mwingine. Nilijua lazima utasema. Sikujua kuna mtu yuko radhi azimie kuliko kuniambia, Twyla, siwezi." Akalitazama tuba lililobonyea. "Na mimi kwa ukaidi wangu nimeuua wimbo wangu mwenyewe."

Nikamwomba penseli.

Nikausoma wote palepale, nimelala chali. Nikamwonyesha pale nisipoweza kupumua. Nikamwonyesha pale klarineti zinapoufunika wimbo wake kwa kelele. Ukurasa wa nne, ile sauti ya mwanzo inaporudi taratibu, nikamwambia hapo asiguse, na safari hii nilijua nasema nini. Kwenye klarineti alikataa, tukabishana hadi barafu ikaisha.

Hakufuta kitu. Mwaka uliofuata wimbo ulipigwa mpaka mwisho. Pale pangu sasa pana mapumziko mawili, na juu yake, kwenye nakala zote, hadi ya mpiga ngoma, ameandika kwa wino: Hapa Verlyn apumue.

Mwenzako akikuletea kazi yake, isome yote, umwambie ulichokiona. Kama huwezi, basi na pai yake usile.